BOTI ISIYOHITAJI BAHARI
Somo juu ya maktaba za programu za kutengenezea mashine za kujibu ujumbe

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu mhariri wa jarida letu aliniomba niandike juu ya ile "boti" iliyozungumzwa sana katika mikutano ya Chama cha Kiswahili, maana wengine walikuwa wakiuliza kwa kicheko, "Ati boti Wajir? Itaelea wapi, kwenye visima vya Orahey?" Leo nitajibu swali hilo. Nitaeleza boti ni nini, inatengenezwa kwa kutumia nini, ilitusaidia wapi na ilituaibisha wapi. Sitaficha kitu, kwa sababu aibu yenyewe ilikuwa yangu mimi. Mficha uchi hazai.

1. MAANA YA BOTI

Boti ninayoisema si chombo cha majini. Neno hili limekatwa kutoka kwa "roboti", neno lililoenea duniani kutokana na tamthilia ya mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, ya mwaka wa 1920. Chamani tulibishana sana. Wengine walitaka "roboti ya soga", wengine "mjibuji". Mwisho tukakubaliana na "boti" kwa kuwa ni fupi, na muktadha utaonyesha kama tuko Mombasa au tuko kwenye tarakilishi.

Boti basi ni programu inayokaa ndani ya mtandao wa mazungumzo kama vile Telegram au Discord, au nyuma ya namba ya arafa, ikisoma ujumbe unaotumwa na watu na kuujibu yenyewe bila ya mtu kukaa pale. Mfano ulio karibu nasi sote ni huu: mzazi wako akitumiwa pesa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mnamo Machi 2007, ujumbe wa kuthibitisha unaingia mara moja. Hakuna karani aliyeuandika. Ni mashine. Boti ni ndugu wa mashine hiyo, ila yeye huweza kuulizwa maswali.

2. HISTORIA KWA UFUPI

Mashine za kuzungumza si jambo la jana. Mwaka wa 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT huko Marekani alitangaza programu yake iliyoitwa ELIZA. Ilikuwa ikichukua maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Ukisema, "Nina huzuni," inakuuliza, "Kwa nini una huzuni?" Haikuelewa chochote, lakini watu walianza kuimwagia siri zao za moyoni, jambo ambalo lilimshtua Weizenbaum mwenyewe.

Arafa ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Telegram ilianza 2013, na Juni 2015 ikafungua mlango rasmi wa boti, yaani mtu yeyote, hata mwanafunzi, akaruhusiwa kutengeneza yake bila malipo. Mtandao wa Discord nao ulianza mwaka huohuo wa 2015. Hapa Kenya, Safaricom ilileta boti yake iitwayo Zuri mwaka wa 2018 ili kujibu maswali ya wateja. Na shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wanafunzi wengi walijisomea kwa huduma ya Shupavu 291 ya shirika la Eneza Education, ambayo ilituma masomo na maswali kwa arafa hata kwenye simu isiyo na intaneti. Naomba mkumbuke mfano huu wa mwisho, nitaurudia.

3. MAKTABA YA PROGRAMU NI NINI?

Hapa ndipo wengi hupotea. Wakisikia "maktaba" wanafikiria rafu na vitabu. Katika uandishi wa programu, maktaba ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, ambazo wewe unazichukua na kuzitumia ndani ya programu yako.

Nitatoa mfano wa kwetu. Familia ya wafugaji inapohama, haiendi kukata miti mipya na kusuka mikeka mipya kila mahali inapofika. Miti ya herio ilikwisha kukunjwa zamani, mikeka ilikwisha kusukwa, vyote hufungwa juu ya ngamia. Wakifika, akina mama huisimamisha nyumba kwa muda mfupi. Wanachoamua ni mahali pa kuiweka na mlango uelekee wapi. Maktaba ya programu ni ile miti na mikeka. Programu yako ni uamuzi wako juu ya nyumba.

Sisi tulitumia lugha ya Python, iliyotolewa kwa umma na Guido van Rossum mwaka wa 1991, pamoja na maktaba iitwayo python-telegram-bot, ambayo hutolewa bure. Kwa wale wanaotumia Discord kuna discord.py. Kwa arafa na zile namba za kubonyeza nyota na reli, kampuni ya Africa's Talking iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 2010 ina maktaba zake kwa lugha mbalimbali za programu.

Maktaba ya aina hii hukufanyia kazi nne kubwa:

(a) Inabisha hodi kwenye seva ya mtandao na kuonyesha ufunguo wako.
(b) Inapokea ujumbe na kuupasua vipande: nani ametuma, lini, ameandika nini.
(c) Inaupeleka ujumbe kwenye kipande cha programu kinachohusika. Ujumbe unaoanza na mkwaju, kama /anza, ni amri, na huenda kwa msikilizaji wa amri. Maneno ya kawaida huenda kwa msikilizaji mwingine.
(d) Inarudisha jibu, na mtandao ukikatika inajaribu tena.

Ningeandika hayo yote peke yangu, ningekuwa bado naandika hadi leo. Kwa maktaba, boti yangu ya kwanza ilikuwa na mistari isiyofika thelathini.

4. UJUMBE UNAFIKAJE?

Kuna njia mbili, na mwalimu wetu wa tarakilishi alitueleza kwa mfano wa kisima.

Njia ya kwanza, boti yenyewe huenda kuuliza kila mara, "Kuna ujumbe wangu?" Ni kama mtoto anayetumwa kisimani kila baada ya dakika chache kuangalia kama zamu yenu ya kunywesha imefika. Anachoka, lakini hahitaji kujulikana na mtu. Njia ya pili, boti huacha anwani yake kwa seva, na ujumbe ukija inaitwa. Ni kama mwenye kisima kukupigia simu zamu yako ikifika. Njia hii ni ya haraka zaidi, lakini lazima uwe na anwani ya kudumu kwenye intaneti na tarakilishi isiyozimwa.

Sisi tulichagua ya kwanza, kwa kuwa tarakilishi ya maabara haina anwani ya kudumu. Lakini sisi ni shule ya kutwa, na maabara hufungwa saa kumi jioni. Boti inalala hapo! Telegram huwekea boti ujumbe ambao haujasomwa kwa muda usiozidi saa 24. Kwa hiyo swali la Jumatatu usiku lilijibiwa Jumanne asubuhi, lakini swali la Ijumaa jioni lilipotea kabisa kabla ya Jumatatu. Wanachama walidhani nawadharau. Kumbe ni saa 24 zimepita.

5. BOTI YA NGELI

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Si mnajua jinsi ngeli zinavyotusumbua? Lugha yetu ya nyumbani, Kisomali, ina jinsia ya kiume na ya kike tu. Ukitoka hapo ukaingia kwenye A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I na nyinginezo, kichwa kinazunguka. Nikasema nitatengeneza boti. Mtu yuko nyumbani usiku, ana simu ya mzazi, anaandika neno, anapewa ngeli yake na wingi wake. Hivi:

Mwanafunzi: kiti
Boti: KI-VI. Kiti hiki, viti hivi.

Wenzangu walishangilia. Mimi nilijiona bingwa. Lakini niliandika sheria kwa uvivu. Niliiambia boti: neno likianza na "ki", jibu ni KI-VI. Basi.

Wiki mbili baadaye, msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza alinijia na karatasi yake ya mtihani. Alikuwa ameandika, "Kijana kile kimefika." Mwalimu alikuwa ameweka mkasi mwekundu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, mimi niliuliza boti yako. Iliniambia KI-VI." Sikuwa na la kusema. Kijana ni kiumbe mwenye uhai, ni A-WA: kijana yule amefika. Vivyo hivyo kiongozi, kipofu, kiziwi, kiboko na kifaru. Yeye hakujua, na alimwamini mtu aliyejifanya anajua. Alama mbili zilimpotea kwa sababu yangu.

Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa Kiswahili kukiri. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Je, boti yako inajua kusema 'sijui'?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi haijafika kiwango cha kufundisha."

Nilirudi maabara, nikabadilisha mpangilio:

Kwanza, boti inatafuta neno katika orodha tuliyoiandika kwa mkono tukiwa na kamusi. Tulifikisha maneno 340, na kila neno lilisomwa na watu wawili.
Pili, neno lisipokuwemo, boti haibahatishi. Inajibu: "Sijui neno hili. Muulize mwalimu, kisha uniletee jibu."
Tatu, maneno yote yasiyojulikana yanaandikwa kwenye faili, na Jumatano chama kinakutana kuyatafuta.

Tazameni basi: maktaba ilifanya kazi yake vizuri siku zote. Ilipokea na kurudisha. Kosa lilikuwa kwenye ujuzi niliotia ndani. Maktaba haikufundishi Kiswahili, hukubebea tu ujumbe.

6. "NA SISI WENYE KABAMBE?"

Kuna mwenzetu wa darasani ambaye familia yake ilipoteza mifugo mingi katika ule ukame ambapo misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022. Waliobaki ni ngamia wachache. Muhula wa kwanza mwaka huu, malisho yalipoisha karibu, aliitwa nyumbani akasaidie kuwapeleka upande wa Wajir Bor. Alikosa wiki saba.

Aliporudi nilimwonyesha boti kwa fahari. Aliitazama, akacheka kidogo, akasema, "Wallahi ni nzuri. Lakini ndugu yangu, hii ni ya watoto wa mjini. Mimi kule nilikuwa na kabambe. Na sisi wenye kabambe?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Nilikuwa nimetengeneza msaada kwa wale ambao tayari wana walimu karibu, nikamsahau yule aliyeuhitaji kuliko wote. Penye miti hapana wajenzi, na mimi niliyejiita mjenzi nilikuwa nimejenga penye nyumba tayari.

Ndipo tukaanza kusoma juu ya arafa. Arafa moja hubeba herufi 160 kwa maandishi ya Kilatini ya kawaida, na hayo ndiyo tunayoandikia Kiswahili na pia Kisomali. Ukitumia herufi za Kiarabu, hubeba 70 tu. Zile namba za nyota na reli hubeba herufi 182 kwa kila ukurasa. Kwa ngeli zinatosha kabisa. Jibu la "kiti" hapo juu halifiki hata herufi arubaini.

Maktaba ya Africa's Talking ina uwanja wa majaribio usiolipiwa, ambapo simu ni picha tu kwenye kioo cha tarakilishi. Huko boti yetu ya arafa inafanya kazi. Lakini kutoka kwenye majaribio hadi kwenye simu halisi ni lazima ulipie namba na ulipie kila arafa inayotoka. Chama hakina fedha hizo. Siwadanganyi: mpaka ninapoandika makala haya, boti ya kabambe bado iko kwenye kioo tu.

Kwa hiyo tulifanya nini? Tuliichapisha ile orodha ya maneno 340 kwenye karatasi za kurasa nne, pande mbili. Mwanafunzi yeyote anayeitwa kwenda na mifugo anaondoka na nakala yake mfukoni. Haihitaji bando wala chaji. Wengine wanaiita "boti ya karatasi".

Na yule mwenzetu? Yeye ndiye mkaguzi mkuu wa orodha sasa. Siku ya kwanza tu alitukamata. Tulikuwa tumeandika "maziwa: YA-YA". Akauliza, "Maziwa yapi? Ya ngamia, au maziwa kama Turkana na Viktoria?" Tukanyamaza. Maziwa ya kunywa ni YA-YA, hayana umoja. Lakini ziwa moja, maziwa mengi, ni LI-YA. Tukalazimika kuifundisha boti kuuliza kwanza: "Unamaanisha ya kunywa au ya maji?" Katika maktaba kuna sehemu maalumu ya kazi hiyo, inayoifanya boti ikumbuke kwamba mtu huyu bado anajibu swali la awali. Bila hiyo, mtu akiandika "ya kunywa", boti ingedhani ni neno jipya na kujibu "Sijui".

7. MAMBO YA KUJIHADHARI

(a) Ufunguo. Kila boti hupewa ufunguo, yaani mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Mwenye ufunguo ndiye mwenye boti. Mimi niliuacha wazi kwenye ubao wa maabara, na jioni hiyo mtu akaifanya boti iwatumie wanachama vichekesho vya ovyo. Telegram hukuruhusu kuufuta na kuchukua mwingine, nami nikafanya hivyo upesi. Uweke kama unavyoweka nywila.

(b) Siri za watu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Boti yetu huhifadhi neno lililoulizwa tu, haihifadhi jina la aliyeuliza wala namba yake. Mtu asione haya kuuliza.

(c) Kutegemea kazi ya mtu mmoja. Agosti 2021 mwandishi mkuu wa discord.py alitangaza kwamba anaacha kuiendeleza, na maelfu ya waliokuwa wakiitegemea wakababaika. Machi 2022 akairudia. Wengi wa watu hawa hufanya kazi ya kujitolea. Kisima kinachosafishwa na mtu mmoja, siku akiugua wote hukaa na kiu. Ukiweza, nawe toa mkono: ripoti kosa, au tafsiri maelezo kwa Kiswahili.

(d) Mabadiliko. Maktaba hutolewa matoleo mapya. Toleo la 20 la python-telegram-bot lilibadilisha namna ya kuandika programu, na mafunzo mengi ya zamani hayafanyi kazi tena. Kabla ya kunakili mfano wowote, tazama ni wa toleo gani.

8. HITIMISHO

Wasomaji wapendwa, nilianza nikitaka kuonekana mjanja, nimemaliza nikiwa mwanafunzi. Nimejifunza kwamba kutengeneza boti si kugumu, maana kazi nzito ilikwisha kufanywa na wengine. Ugumu ni kuwa na hakika na unachokitia ndani, kukubali kusema "sijui", na kumkumbuka asiye mbele yako. Yule dada wa Kidato cha Kwanza bado huuliza boti, lakini sasa huandika pia: "Nani amekagua?" Nami humjibu kwa majina mawili.

Anayetaka kujifunza aje maabara Jumatano baada ya masomo. Na yeyote mwenye mawazo ya jinsi ya kupata fedha za namba ya arafa, tafadhali aje mapema zaidi. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, seuze ngamia.

MSAMIATI
Arafa: ujumbe mfupi wa simu.
Boti: programu inayojibu ujumbe yenyewe.
Kabambe: simu ndogo ya vibonyezo isiyo na intaneti.
Maktaba (ya programu): mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa ili wengine wazitumie.
Seva: tarakilishi inayohudumia nyingine kupitia mtandao.

JIPIME
1. Eleza tofauti kati ya boti inayokwenda kuuliza ujumbe na boti inayoitwa.
2. Kwa nini swali la Ijumaa jioni lilipotea, ilhali la Jumatatu usiku lilijibiwa?
3. Taja maneno matano yanayoanza na "ki" ambayo yako katika ngeli ya A-WA. Usitumie yale niliyoyataja.
4. Tafuta neno jingine, mbali na "maziwa", ambalo boti italazimika kuuliza maana yake kwanza. Ukilipata, lilete chamani.